Gramu za Shemeji

Kuna watu wawili ambao wakitamka neno "kidogo" inabidi ukae chini kwanza: fundi cherehani aliyeshika kitambaa chako cha harusi, na shemeji anayepiga simu kutoka shambani kukuarifu kwamba ndege imegonga kidogo.

Ndege yenyewe si ya abiria. Ni glaida ya kuchezea iliyotengenezwa kwa povu, mabawa yake mita 2 kutoka ncha hadi ncha, na inaongozwa kwa rimoti. Puani ina mota ndogo ya kuipandisha. Mota ikizimwa, pangaboi linajikunja na kulala ubavuni mwa pua, kisha chombo kinabaki kuelea chenyewe kikitafuta hewa ya joto inayopanda. Ikiwa na betri na kila kitu, haifiki kilo 1. Shemeji, yaani mdogo wa mke wangu, aliinunua kwa mtu aliyerudi kutoka Ujerumani, na tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi likaacha kutumika. Mtaani anaitwa Rubani, cheo kisicho na mshahara lakini anakitumikia kwa bidii.

Sisi ni wa Dodoma. Baada ya mavuno, mashamba ya nje ya mji yanabaki uwanda: mabua ya mtama, vumbi, na upepo usiojua siku ya mapumziko. Mrusha glaida atake nini tena? Mchana vumbi likijizungusha na kupanda, ile chamchela ambayo wazee wanaikwepa, yeye anaisogelea, maana inamwonyesha mahali hewa ya joto inapoinuka kutoka ardhini. Mwewe akizunguka juu bila kupiga bawa, hiyo nayo ni habari. Shemeji alikuwa ameyasoma yote hayo. Ambacho hakukisoma ni mbuyu.

Shamba alilolichagua lina mti mmoja. Nasema mmoja, na ni mbuyu, mti ambao watu wanne wakishikana mikono hawaumalizi. Kuukosa mbuyu ule si kazi ngumu. Ng'ombe wanaukosa kila siku wakienda majini. Mbuzi wanaukosa. Bodaboda yenye abiria watatu na gunia la mkaa inaukosa usiku, taa ikiwa haiwaki. Glaida ilikuwa na anga yote ya Mkoa wa Dodoma mbele yake, ikauchagua mbuyu, na ikaugonga katikati.

"Upepo ulibadilika, shem," alisema.

Nikamwambia pole. Nikadhani mambo yameishia hapo, ila nilisahau kwamba miaka michache iliyopita niliwahi kutengeneza pasi ya mama mkwe. Katika ukoo wetu mtu akishatengeneza pasi hana tena pa kujificha. Jioni ile Rubani aliingia sebuleni na gunia, akalimimina juu ya mkeka.

Pua ilikuwa imebonyea hadi ndani. Kiwiliwili kilikatika nyuma ya mabawa, vipande viwili vikishikiliwa na waya za mkiani tu. Bawa la kushoto lilikuwa na ufa uliofika kwenye uti wake wa kaboni. Kibawa cha mkia kilining'inia. Sevo moja, kile kimota kidogo kinachovuta vibawa, ililia krrr kila ilipowashwa, dalili kwamba meno ya gia zake za plastiki yamekwenda. Betri ilikuwa imevimba.

Mke wangu alitazama, akatazama tena, akamuuliza mdogo wake, "Sasa hiyo iliyogonga sana ingekuwaje?"

Habari zikasambaa. Jirani wa upande wa kulia, fundi mstaafu wa matrekta, alikuja kutoa pole, akaketi, na kwa jinsi alivyoketi tukajua anasubiri chai. Baada yake akaja fundi baiskeli, kisha kijana wa viatu. Mtu akiugua mtaani kwetu wageni hawakosekani, na kila mgeni anakuja na dawa. Ndege nayo ikapewa heshima ileile.

Hapo ndipo penye shida ya povu. Gari likigongwa ukaliongezea bati, gari halisemi kitu. Meza ikivunjika ukaipigilia ubao wa ziada, meza inashukuru. Glaida ya povu inahesabu. Kila tone la gundi lina uzito, kila utepe una uzito, na kila msaada unaopewa kwa moyo mweupe unakwenda nao hewani. Kazi ya kuitengeneza siyo kuunganisha, maana kuunganisha hata mtoto anaweza. Kazi ni kuwazuia watu wasiongeze kitu. Nilichukua mzani wa jikoni ambao mke wangu anapimia unga wa keki, nikauweka katikati ya mkeka, na nikatangaza kwamba hakuna kitakachoingia kwenye ndege hii bila kupita hapa. Nilijiona ofisa wa forodha.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa fundi baiskeli. Dawa yake ilikuwa spoki: mbili juu, mbili chini, zipite kwenye mvunjiko, zifungwe kwa waya. Tukapima spoki moja, gramu 6 na ushee. Nne zikawa gramu 25, hata waya haujapimwa. "Kwani gramu 25 ni kitu?" akauliza, na kwa mtu anayefunga kreti mbili za soda nyuma ya baiskeli swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Jirani wa matrekta alisikiliza kwa utulivu, akanywa chai, akasema yeye angeweka bolti.

Kijana wa viatu alikuja na gundi yake ya kopo, ile ya kunusa mara moja ukakumbuka stendi ya mabasi. Nilimwomba tuijaribu kwanza kwenye povu jeupe lililokuja na televisheni ya jirani. Alipaka, tukatazama. Povu likaanza kuzama polepole, likafanya shimo, shimo likapanuka, hadi gundi ikatokea upande wa pili na kudondoka kwenye mkeka. Viyeyusho vilivyomo kwenye gundi ya viatu huyeyusha polistireni ya povu lile jeupe, sawa na petroli inavyofanya, na ndivyo zifanyavyo rangi nyingi za kupuliza. Glaida ya shemeji ni ya povu la aina nyingine, EPO, gumu zaidi na lenye kuvumilia gundi nyingi kuliko lile jeupe, lakini baada ya kuona lile shimo hakuna aliyetaka kuthibitisha. Kijana akafunika kopo lake, akasema kwa unyenyekevu kwamba viatu havina tabia hiyo.

Kabla ya gundi yoyote, hata hivyo, palihitajika vipande vyote. Hili watu hawaliamini. Povu likivunjika, mpasuko wake una vijinundu na vijishimo vinavyofuatana upande kwa upande, na vipande vikipatikana vyote vinaingiana vyenyewe hadi mstari wa ufa unatafutwa kwa kidole. Kipande kikikosekana ndipo unapoanza kujaza gundi, na gundi ndiyo uzito. Tukakuta bawa la kushoto lina pengo la ukubwa wa kiganja. Rubani akarudishwa kwenye mbuyu.

Alirudi na kipande, na kipande kilikuwa na alama za meno.

"Mbuzi," alisema. "Nimempata nacho mdomoni. Mwenye mbuzi ananidai, anasema nimemfukuza hadi ametupa mimba."

Hatukumlipa mwenye mbuzi, kwani baadaye ilithibitika kwamba ni beberu.

Sasa nije kwenye maji ya moto, sehemu niliyoingojea kwa hamu tangu lile gunia lilipomiminwa. Povu hili limetengenezwa kwa punje ndogo ndogo zilizobanana na kuungana kwa joto, na kila punje ndani yake imefungiwa hewa. Pua inapogonga, punje zinasagika, zinalala bapa, lakini nyingi hazipasuki: hewa bado imo, imebanwa tu. Ukizimwagia maji yanayochemka, kuta za punje zinalainika, hewa iliyomo inapata joto na kutanuka, na kila punje inajisukuma kutafuta umbo lake la zamani. Fundi hafanyi kitu. Anashika birika.

Tuliifanya uani. Tulitoa mota kwanza, tukatoa na waya zote, tukaiegemeza pua kwenye karai. Pua ile, ilivyobonyea na kukunjamana, ilionekana kama kitumbua kilichokaliwa na mgeni mnene. Nikaanza kumimina, mkondo mwembamba, nikizunguka. Kwa muda hapakuwa na kitu zaidi ya mvuke. Kisha kunjo moja kubwa, lililokuwa limeikata pua kushoto hadi kulia, likaanza kuwa jembamba. Lilikuwa linajifuta lenyewe, kutoka pembeni kuja katikati, na ukisogeza sikio ungesikia mlio mdogo wa kutatarika. Sehemu iliyobonyea ikainuka. Herufi za kiwandani zilizokuwa zimemezwa na mkunjo zikatokea moja baada ya nyingine, hadi jina likasomeka.

"Inafufuka!" Rubani alipiga kelele. "Shem, inafufuka!"

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa siku chache na alikuwa akichambua mchele kivulini, aliinua kichwa. "Shikamoo" zilikuwa zimekwishapita asubuhi, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye hoja. "Baba, mnaiogesha?"

"Tunaikanda, mama. Ilipata uvimbe."

"Uvimbe unakandwa, sawa. Mmeweka chumvi?"

Hapa shemeji, kwa furaha, akachukua birika kutoka mkononi mwangu, akaendelea kumimina mahali ambapo palikwisha kupona. Dawa hii ina kipimo. Punje zikipata joto kupita kiasi zinaendelea kutanuka, na kila moja inatokeza nje ya mwenzake. Nilipomnyang'anya birika, shavu la kulia la pua lilikuwa limetoka vipele, na vipele vile vipo mpaka leo. Yeye anasema vinasaidia kukata upepo. Kupima kwenye mzani kukaonyesha jambo la kunifurahisha: baada ya kukauka juani, pua haikuwa imeongezeka hata gramu moja. Katika matengenezo yote hayo, maji ya moto ndiyo mgeni pekee aliyekuja, akafanya kazi, akaondoka bila kuacha mzigo.

Betri haikunichukua muda, na naomba isikuchukue muda na wewe. Betri za lithiamu za namna hii zikivimba au kubonyea baada ya ajali hazichajiwi tena, basi. Kila seli ikijaa ina volti 4.2, na zikijeruhiwa ndani zinaweza kushika moto zenyewe, hata saa nyingi baadaye. Shemeji alikuwa na wazo la kuitoboa kwa pini ili ipungue. Nilimtazama hadi wazo likaisha. Betri ikalala nje kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba, na mama mkwe akaambiwa asiwaruhusu watoto kuisogelea. Aliweka kiti kando, si karibu sana, akailinda ile ndoo alasiri nzima kwa fimbo.

Umeme nao ulikwenda haraka, kwa sababu ulipelekwa kwa mwenyewe. Kijana wa kutengeneza simu pale stendi ana kioo cha kukuzia, ana mkono usiotetemeka, na hana maneno. Aliunganisha waya za mkiani kwa risasi nyembamba, akabadilisha sevo kwa nyingine aliyonayo shemeji kwenye akiba, gramu 9 kwa 9, hakuna kilichoongezeka. Swali lake lilikuwa moja tu: "Inatumia laini gani?" Shemeji akamwambia haitumii laini, inazungumza na rimoti moja kwa moja kwa masafa ya gigahezi 2.4. Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni ya biashara iliyopotea.

Tukarudi kwenye mvunjiko wa kiwiliwili. Badala ya spoki za baiskeli nilitumia vijiti vya mishikaki. Sicheki. Kijiti cha mwanzi cha kuchomea nyama kina uzito wa gramu 1 na kidogo, ni kigumu kwa urefu, kinapinda kabla ya kukatika, na povu linakikubali kinaposukumwa ndani taratibu kwa kuzungushwa. Unavipitisha vitatu kwa pembe tofauti ili vivuke ufa, unatia gundi, unaunganisha, unashika. Muuza mishikaki wa kona alinipa bure nilipomweleza kazi yake, akataka tu kujua kama ndege ikianguka tena itakuwa imeiva.

Kwa gundi nilichagua supaglu, ambayo kwenye povu la EPO hushika vizuri. Gundi hii ina asili ya kuchekesha. Mwaka 1942 mkemia Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Eastman Kodak kule Marekani walikuwa wanatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Wakapata kitu kinachonata kwenye kila kinachokigusa, wakakiona kero, wakakiweka kando. Miaka ilipita kabla ya kutambua kwamba kero hiyo ndiyo bidhaa, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa. Ningependa Bwana Coover angemwona shemeji yangu akiwa na chupa ile.

Nilimwambia atie tone moja kila mahali. Alitia tone moja, akaona limekauka, akatia jingine kuliliwaza la kwanza. Gundi ikachuruzika kwenye vidole, akachukua pamba ya mke wangu ya usoni ili ajifute. Mimi sikuwahi kumwona mtu akiungua mkono namna ile. Nyuzi za pamba zina eneo kubwa na unyevu kiasi, zinaifanya supaglu ikauke ghafla, na inapokauka hutoa joto: pamba ikafuka moshi mdogo, shemeji akaitupa, akaushika mkono wenye kuungua kwa mkono mwingine, kisha kwa kutafuta mahali pa baridi akaviweka vidole vyote kwenye ubavu wa ndege. Vikabaki hapo.

Kwa muda Rubani na chombo walikuwa kitu kimoja, kama alivyokuwa akitamani siku zote. Dada yake akaleta chupa ya kuondolea rangi ya kucha, maana ina asetoni, na asetoni hulegeza supaglu. Shemeji akakataa kwa kilio.

"Italila povu!"

"Na vidole vyako?"

"Vidole vitaota ngozi nyingine, dada! Povu haliotei!"

Basi tukamkalisha kwenye kigoda, tukaleta maji vuguvugu ya sabuni, tukambandua kidole kimoja kimoja kwa kuvizungusha, wala si kuvivuta. Mama mkwe alisimamia zoezi akiwa na fimbo ya kulindia betri. Ubavu wa ndege sasa una alama za vidole za mmiliki wake, jambo ambalo polisi wangelifurahia.

Wakati wote huo shemeji alikuwa akinikumbusha kwamba hata akina Wright, wale ndugu wawili wa Marekani wa ndege ya kwanza yenye injini, walipata ajali, na kwa hili alikuwa na haki kuliko alivyojua. Watu hukumbuka tarehe 17 Desemba 1903, siku ndege yao iliporuka pale Kitty Hawk. Siku tatu kabla yake, tarehe 14, Wilbur ndiye aliyeshinda kwa kurusha sarafu, akapanda, akainua pua kupita kiasi, ndege ikapoteza nguvu ya kuelea hewani na kugonga mchanga, ikaumia vibawa vya mbele. Wakaitengeneza, na tarehe 17 ikawa zamu ya Orville. Ndege iliyoingia kwenye historia ilikuwa imeshabandikwa. Na baada ya safari ya nne siku hiyohiyo, upepo uliibinua ikiwa imesimama chini, ikavunjika, haikuruka tena. Nilipomsimulia shemeji kipande hicho cha mwisho, akanyamaza. Akauliza kama kule Kitty Hawk kuna mibuyu.

Ndege ilipokamilika ilikuwa inapendeza, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nilikuwa nimetoka kidogo kwenda dukani. Kurudi, nikakuta binti yangu amebandika bendera ya taifa pande zote mbili za mkia, shemeji amezungushia kiungo cha mkia utepe wa nyuzi mara mbili "kwa usalama", na jirani wa matrekta, aliyeshindwa kuingiza bolti, ameridhika kwa kupaka epoksi kwenye kitako cha mkia, akaisambaza kwa mwiko wa siagi. Mzani wangu ulikuwa umepinduliwa chini juu, ukitumika kuwekea vikombe.

Lazima nieleze kwa nini nilikaa chini bila kusema kitu. Glaida ina kitovu chake cha uzito. Kwenye hii, kiwanda kimeweka vinundu viwili chini ya mabawa, unaviegemeza kwenye ncha za vidole viwili, na ndege ikining'inia sawasawa, pua ikiwa imeinama kidogo tu, iko tayari. Pua ikizidi uzito, itaruka kwa uvivu. Mkia ukizidi, itaruka mara moja. Na mkia uko mbali na kitovu kuliko pua ilivyo mbali nacho. Kwenye chombo cha umbo hili umbali ule ni karibu mara tatu, kwa hiyo kila gramu unayoiweka mkiani inadai gramu zipatazo tatu puani ili kuirudisha mizani. Bendera, utepe na epoksi vilikuwa gramu 20. Fanya hesabu mwenyewe, mimi sikutaka kuifanya kwa sauti mbele ya mtoto.

Epoksi ikishakauka haibembelezwi. Utepe nilijaribu kuubandua, ukaanza kuja na ngozi ya povu, nikauacha. Bendera, kila nilipoitazama, binti yangu naye alinitazama. Basi ikabidi kutafuta kitu kidogo chenye uzito mwingi cha kutia puani, na kwa bahati mama mmoja sokoni anayeuza perege wa Mtera ana kaka yake mvuvi. Akatuletea chubwi za risasi, zile wanazofungia nyavu ili zizame. Nikaona ajabu kidogo: kitu kilichotengenezwa ili kizamishe, nakipachika kwenye kitu ninachotaka kielee. Muuza samaki naye aliona hivyo hivyo. Alimuuliza mke wangu kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Tulizipanga chubwi mbele ya betri mpya, tukaongeza moja moja, hadi ndege ikakubali kulala sawa juu ya vidole. Jumla ilikuwa imepita kilo 1. Kabla ya kutoka, nikasimama nyuma ya mkia na kumwambia shemeji asogeze vijiti vya rimoti. Alivuta kwake, kibawa cha mkia kikapaswa kuinuka, kikashuka. Sevo mpya ilikuwa inazunguka kinyume. Ndege ikiondoka hivyo, kila unapoiokoa unaizamisha. Kwenye rimoti kuna swichi ya kugeuza, ni kubonyeza tu, lakini shemeji alitaka kwanza ijulikane kwamba kijana wa simu ndiye aliyekosea, na kijana wa simu hakuwepo kujitetea.

Tukarudi shambani, upande wa pili, upepo ukitupiga usoni na mbuyu ukiwa nyuma yetu kabisa. Mtaa mzima ulikuja. Fundi baiskeli alikuja na spoki zake mfukoni, asije akahitajika ghafla. Nilirusha kwa mkono bila mota, mwendo wa kawaida, pua chini kidogo. Ikateleza, ikashika majani makavu, ikasimama. Kimya. Shemeji akawasha mota, nikarusha tena, ikapanda.

Na hapa, kwa masikitiko makubwa, sina budi kueleza kilichotokea. Ndege iliruka vizuri kuliko zamani. Siku zote ilikuwa nyepesi mno kwa upepo wa Dodoma. Ilikuwa ikielekezwa mbele inasimama, au inarudishwa kinyumenyume juu ya vichwa vyetu. Sasa ilikata. Glaida ikiongezewa uzito, kitovu kikiwa mahali pake, haipunguzi umbali inaoteleza kwa kila mita inayoshuka. Inachofanya ni kuteleza kwa kasi zaidi, na kwenye upepo mkali kasi hiyo ndiyo inayoifikisha mbele. Siku isiyo na upepo, kwenye hewa dhaifu, itachoka mapema, lakini Dodoma siku hiyo huwa ni ya nadra. Marubani wa glaida halisi wanalijua jambo hili vizuri kiasi kwamba hata kwenye mashindano hujaza maji ndani ya mabawa kwa makusudi, na kuyamwaga kabla ya kutua.

Nilikosea kulitamka hilo la maji. Jirani wa matrekta alikuwa karibu, akaligeuza kichwani.

"Kwa hiyo bolti ingefaa," alisema.

Fundi baiskeli alitoa spoki mfukoni. Binti yangu alitaka kujua kama kuna nafasi ya bendera nyingine. Rubani, macho angani, vidole vyenye ngozi mpya vikicheza kwenye rimoti, akaiinamisha ndege kuelekea kwenye mduara wa mwewe wawili, na bila kugeuka akaniuliza, "Shem, hayo maji wanajazia wapi?"

Mama mkwe alikuwa amekuja na dumu la lita 5, kwa ajili ya kunywa. Nililichukua nikalikalia.